Mstari wa Juu

Jumatatu, 8 Septemba 1997

Daftari hili lilikuwa la hesabu. Nimeligeuza kwa sababu nikikaa kimya nitamtukana mtu, na hapa shuleni kumtukana mtu ni fimbo nne.

Mwalimu Nathanaeli wa hesabu ametuchagua watatu wa kidato cha tatu tutengeneze mchezo wa kompyuta. Mchezaji anapewa mji unaofanana na Same yetu, anapanga nyumba, soko, visima, vyoo na miti, kisha anaona misimu ikipita: watu wake wanaishi vizuri, au wanakufa kwa kiu na kipindupindu. Ukikamilika, kidato cha kwanza watajifunzia mipango miji humo badala ya kukariri. Siku ya wazazi, mwezi wa kumi na moja, tutauonyesha. Wazo nimelipenda sana. Niliopangwa nao ndio tatizo. Ernesta atachora ramani, huyo sina neno naye. Wa tatu ni Hezroni wa Vudee, kule juu milimani, kijana anayetoa maneno kana kwamba kila moja amelinunua dukani. Nimemuuliza mara tatu yeye atafanya nini. Mara ya tatu kanijibu, "Tutaona."

Mimi nimepewa mvua.

Ijumaa, 12 Septemba

Mgao wa umeme. Tumekaa saa mbili tukitazama kioo cheusi.

Jumatano, 17 Septemba

Mzee Aminieli, mwenyekiti wa bodi ya shule, ametuletea jenereta. Jina lake limeandikwa ubavuni kwa rangi nyekundu, herufi kubwa kuliko za jina la shule getini. Tulipangwa mstari tukapiga makofi. Mama anasema enzi za foleni za sukari mzee huyu alikuwa karani wa duka la kaya, lile la bidhaa za mgao. Siku hizi biashara imefunguliwa, naye ana malori mawili, mashine ya kusaga, na anauza viwanja.

Kazi inakwenda. Ernesta ameigawa Same miraba midogo kwenye kioo: mistari kumi na miwili kwenda chini. Wa juu kabisa ni milima, wa chini ni mbuga. Katikati inapita barabara kuu na reli. Ukibonyeza kitufe kirefu, msimu mmoja unapita, na misimu miwili ni mwaka. Mimi nimenakili namba zote za mvua kutoka daftari la kipimo cha mvua kilicho nyuma ya maabara, miaka yote iliyoandikwa. Ni namba ndogo za kutia huruma. Mtu wa Same akiona wingu anadhani ni ndege. Kwa hiyo kwenye mji wangu hakuna mafuriko hata kidogo, watu wanakufa kwa kiu tu, na kiu ndiyo Same ninayoijua.

Hezroni aliangalia, akakohoa. Nikamwambia kama ana la kusema aseme. Akarudi kwenye kiti chake.

Jumamosi, 27 Septemba

Baba alikuja kunitembelea. Nimefurahi, na furaha yangu naiandika kwa sababu ni adimu.

Baba yangu, Swalehe, aliletwa huku akiwa kijana kutoka Kasulu kukata mkonge. Manamba. Mpaka leo wapo watu wanaomwita hivyo mbele yangu. Ameishi miaka thelathini na minne katika chumba cha kampuni, kambini, na chumba chenyewe kina namba mlangoni kama yeye alivyokuwa na namba. Sasa shamba limeuzwa kwa mwekezaji. Wazee wamepunguzwa kazi, wamepewa kiinua mgongo, na mwisho wa Januari vyumba vinatakiwa viwe wazi. Baba anataka ukuta wake mwenyewe. Hazungumzii kitu kingine.

Aliomba kuiona kompyuta, Mwalimu Nathanaeli akamkubalia. Baba alivua kofia kuingia mle ndani. Mzee Aminieli naye alikuwapo, amekuja kukagua jenereta lake, akasimama nyuma yetu mikono mgongoni.

Baba akasogeza kidole karibu na kioo bila kukigusa. "Mwanangu, hapa kwenye mchanga, chini ya reli. Pakoje?"

Niliweka nyumba pale. Nikabonyeza kitufe kirefu, nikabonyeza, nikabonyeza, mara arobaini. Nyumba ikabaki imesimama.

"Miaka ishirini, baba. Haijatikisika."

Baba alicheka mpaka pengo la jino likaonekana. Mzee Aminieli akasema, "Elimu hiyo, mzee mwenzangu. Elimu."

Jumatano, 8 Oktoba

Hezroni kafungua mdomo hatimaye, na afadhali angebaki kimya.

"Mvua yako ni ya uongo."

Nikamwonyesha daftari la kipimo. Nikamwambia hizi ni namba za serikali, si hadithi za bibi yake.

"Namba ni za kweli," akasema. "Lakini maji hayanyeshi Same. Yanashuka."

Anataka kila mraba wa milimani unyeshe kwa namba zake, kisha umwage kwa mraba ulio chini yake, na huo umwage kwa ulio chini tena. Maana yake kazi yangu ya mwezi mzima itupwe. Nikamwambia Wapare wa milimani wamezoea kesi, wako tayari kuuza ng'ombe ili washinde kesi ya kuku. Ernesta, naye Mpare, akanuna. Hezroni hakukasirika hata kidogo, jambo lililonikasirisha zaidi. Akasema, "Jumapili twende korongoni, nikuonyeshe."

Jumapili, 12 Oktoba

Nitaandika yote.

Tulikwenda sote watatu baada ya Ernesta na Hezroni kutoka kanisani. Korongo liko chini ya reli, kavu, mchanga mweupe ambao watu wanauchota kwa kujengea. Nimelipita mara mia. Watoto wanachezea mpira mle. Hezroni alitembea mbele akitazama kingo, kisha akasimama.

"Tazama juu."

Nikatazama juu. Kwenye ukingo, futi mbili juu ya kichwa changu, lilikuwa limenasa gogo zima na mizizi yake, limekauka, limezungukwa na mawe. Hezroni akalitaja kwa Kichasu, lugha ya Wapare. Akasema mti ule hauoti huku chini, unaota msituni juu ya kwao, mahali penye ukungu.

"Nani kalibeba?" akaniuliza.

Akaeleza mwenyewe, na leo maneno hayakumpa shida. Kwao babu yake ndiye mlinzi wa ndiva, lile bwawa la udongo wanalokingia maji ya mfereji usiku kucha. Alfajiri babu anazibua, na mwenye shamba la mwisho kule bondeni hakai pale kungoja. Analima kwingine, anakuja jua likifika mahali fulani, kwa sababu maji yanafika na jua hilo. Kila mtoto wa Vudee anajua kwamba kinachotoka juu kina saa yake ya kufika chini. "Ninyi wa huku," akasema, "mnatazama lililo juu ya vichwa vyenu tu."

Nilitaka kumjibu vibaya, lakini Ernesta aliniita. Alikuwa amesimama mbele kidogo, penye uwanda wa mchanga unaopanuka. Vigingi vyeupe vilikuwa vimepangwa kwa kamba, safi, pembe nne nne, na kila kiwanja na jiwe lenye jina. Jiwe la tatu limeandikwa SWALEHE M.

Ni mraba uleule. Nilihesabu kutoka relini mara mbili nikiomba niwe nimekosea.

Jumatatu, 13 Oktoba

Nilitoroka shule nikapanda basi hadi kambini. Fimbo zitakuja, zije.

Baba alikuwa ananyoosha mabati ya zamani aliyonunua. "Shikamoo baba." "Marahaba mwanangu, mbona siku ya shule?" Nikamwambia kiwanja kipo kwenye njia ya maji. Nikamweleza gogo. Alinisikiliza huku akipiga nyundo.

"Lakini kompyuta ilisema."

"Kompyuta ni mimi, baba! Niliyeandika ni mimi, na nilikosea!"

Akaacha nyundo. Akasema mzee Aminieli aliwakusanya wastaafu, akawaambia viwanja vile vimepimwa hata na kompyuta ya shule, miaka ishirini, na kwamba binti wa Swalehe ndiye aliyepima. Wazee saba walinunua siku ileile. Baba alipewa cha kuchagua, kwa heshima ya binti yake.

"Nikamwambie leo kwamba binti yangu ni mwongo?"

"Mwambie nilikosea."

"Pesa imekwisha, Mwamvita. Na Januari nalala wapi, ndani ya makosa yako?"

Mama alikuwa mlangoni na sufuria ya makande. Hakuna aliyekula.

Naandika hivi nikiwa nimesimama, maana fimbo nimeshapata. Namchukia mzee Aminieli. Nawachukia wazee saba kwa kuamini kioo. Lakini nikipanga chuki zangu kwa foleni, mimi ndiye niliye mbele.

Jumamosi, 25 Oktoba

Tumeandika mvua upya. Hezroni anasema, mimi naandika, Ernesta anasahihisha. Maji sasa yanashuka mraba kwa mraba. Hezroni amesisitiza jambo moja: kwanza mstari wa juu unakuwa mweusi, mchezo unasimama, na mchezaji anapewa bonyezo moja tu la kuhamisha watu. "Hiyo ndiyo saa ya ndiva," anasema. Ukipoteza bonyezo lako, ukibonyeza tena maji yameshafika.

Tulijaribu. Mraba wa baba ulidumu misimu mitatu.

Alhamisi, 30 Oktoba

Mvua imeanza. Redioni wanataja jina la kigeni, El Nino, kila mtu sasa ni mtaalamu wake.

Jumatano, 5 Novemba

Mwalimu Nathanaeli ametuita ofisini. Nilikuwa namheshimu mtu huyu. Ndiye aliyeniambia darasani kwamba namba haimwogopi mtu.

Mzee Aminieli amesikia kuhusu mvua mpya. Amesema siku ya wazazi uonyeshwe mchezo ule wa kwanza, "uliokwisha kuonekana ni mzuri."

"Mwalimu, ule ni uongo," nikasema.

"Ule ni hatua ya kwanza ya kazi," akasema, akitazama kalamu yake. "Jenereta ni lake, Mwamvita. Na chuo cha mwanangu ni yeye anayenisaidia. Mkono mtupu haulambwi, utajua ukikua."

Hezroni akauliza, "Na maji, mwalimu, nayo tuyaambie yasubiri tukue?"

Tukafukuzwa wote watatu. Diski yenye mvua mpya mwalimu ameifungia kabatini. Hajui kwamba Hezroni alinakili mbili. Ubahili wa milimani una faida zake.

Jumatatu, 17 Novemba

Mvua. Ukuta wa baba umefika kiunoni. Kaniletea ujumbe kwa kondakta wa basi: nisisahau kwamba Jumamosi, siku ya wazazi, atakuja amevaa kanzu mpya.

Jumamosi, 22 Novemba

Ilikuwa hivi. Kompyuta iliwekwa jukwaani, wazazi wamejaa, wastaafu wa kambini wamekaa mstari wa mbele kwa mwaliko wa mzee Aminieli. Baba katikati yao na kanzu yake. Mzee Aminieli alishika kipaza sauti akasema vijana wetu wameipima Same yote, na kwamba vimebaki viwanja vichache. Mimi ndiye niliyekaa kitini. Hezroni alipita kama anayenyoosha waya, akaniwekea diski mkononi.

Niliweka nyumba saba kwenye mchanga, chini ya reli. Nikabonyeza. Msimu wa kwanza, makofi. Wa pili, makofi. Wa tatu mstari wa juu ukawa mweusi, na mchezo ukasimama. Nikawatazama wazee. "Hapa mna bonyezo moja tu la kuhama," nikasema. Hawakuelewa. Nikabonyeza.

Nyumba saba ziliondoka watu wote wakiona.

Watu walicheka! Walicheka kama wanavyocheka mtu akiteleza. Mzee Aminieli akacheka kuliko wote: "Watoto na michezo yao!" Nikasimama nikasema kwa sauti kwamba mchezo wa kwanza niliuandika mimi, na niliuandika vibaya, na viwanja vile vyote ni korongo. Nikataka kuendelea, lakini baba alisimama.

"Kaa chini," akasema. "Umenivua nguo mbele za watu."

Nikakaa. Kipaza sauti kikapiga kelele, kwaya ikaitwa.

Jumatatu, 24 Novemba

Adhabu: kufyeka nyasi wiki mbili, na mradi umefungwa. Ernesta analia, mimi sina machozi. Hezroni anafyeka kimya, na leo nimetambua kwamba ukimya wake si dharau. Anasubiri tu.

Ijumaa, 5 Desemba

Shule imefungwa. Lugha kati yangu na baba ni salamu tu.

Jumanne, 9 Desemba

Kila asubuhi tunapanda basi kwenda kiwanjani, mimi na baba. Nakoroga udongo. Nabeba matofali. Mtu akiniuliza kwa nini nasaidia kujenga nyumba ninayojua itaondoka, nitamwuliza yeye angemwacha baba yake abebe peke yake? Kila tofali ninaliweka kwa hasira, na kila moja limekaa sawa.

Jumatatu, 15 Desemba

Treni hazipiti, reli imekatika huko mbele. Ukuta umefika kwenye linta, juu ya mlango. Baba anaupapasa akidhani simwoni.

Alhamisi, 18 Desemba

Leo asubuhi Same ilikuwa na jua kali. Hakukuwa na wingu hata moja juu yetu. Tulikuwa wanne kiwanjani: baba, mimi, fundi Hamdani na msaidizi wake. Viwanja vya jirani kulikuwa na watu wengine, wanawake wawili wakianua nguo kwenye kibanda, mzee mmoja akichota mchanga. Fundi alikuwa juu ya jukwaa la miti akiimba.

Karibu na saa sita baba aliinuka kunyoosha mgongo. Akatazama milimani. Akabaki hivyo, mwiko mkononi, udongo ukimdondokea mguuni.

"Mwamvita," akasema. Ilikuwa mara ya kwanza kutaja jina langu tangu siku ya wazazi. "Mstari wa juu."

Nikageuka. Milima haikuwapo. Juu ya Vudee kulikuwa na weusi mtupu, kuanzia kaskazini hadi kusini, umenyooka kama uliochorwa kwa rula.

"Tuna bonyezo moja," baba akasema. Kisha akapiga kelele ambayo sijawahi kuisikia kwake. "Tokeni! Tokeni humo! Pandeni relini!"

Fundi alicheka. Akaonyesha jua. Akasema mzee kapigwa na joto. Baba akamvuta mguu akamshusha kwenye jukwaa, akamburuta kwa shati, na fundi alipotaka kurudia ndoo na timazi yake baba alimzaba kofi. Mimi nilikimbilia kibandani. Wale wanawake walinitukana, nikamnyakua mtoto mgongoni mwa mmoja wao, nikakimbia naye, basi wakanifuata wakiniita mwizi. Mzee wa mchanga alikuja mwenyewe alipoona tunakimbia.

Tulisimama kwenye tuta la reli, jua linatuchoma, watu wanamtukana baba. Muda ukapita. Fundi Hamdani akaanza kushuka tena. Ndipo tuliposikia.

Furiko halikuja kama maji. Lilikuja kama lori la mawe likimwagwa, na mbele yake magogo, migomba mizima, paa la zizi la mtu. Ukuta wa baba ulisimama kidogo, naona ni kwa sababu matofali tuliyapanga sawa. Kisha haukuwapo. Wala wa jirani. Wala kibanda.

Yule mama akachukua mtoto wake kwangu. Fundi alikaa chini akishika shavu. Juu yetu jua linawaka vilevile, hata tone halikutuangukia.

Baba alivua kofia, kama alivyofanya alipoingia chumba cha kompyuta.

Jumapili, 21 Desemba

Hakuna aliyekufa pale kwetu. Watu wanakuja kumpa baba mkono. Mzee Aminieli amepeleka salamu za pole na kusema mambo ya Mungu hayana mtabiri. Hayana mtabiri! Nilivunja kikombe cha mama, nitakilipa.

Jumatatu, 12 Januari 1998

Shule imefunguliwa. Nimepitia korongoni kwa makusudi. Mchanga umetulia, mweupe, mzuri kuutazama. Vigingi vimerudi, vimepakwa rangi mpya.

Jumamosi, 17 Januari

Baba alikuja. Wanahamia Lembeni wiki ijayo, wamepata chumba kwa mzee Abubakari, muuza kanga. Chumba kingine chenye namba ya mtu mwingine. Akaniambia nimpeleke kwenye kompyuta.

Mwalimu Nathanaeli alitupatia ufunguo bila kutuangalia machoni. Hezroni akawasha. Baba akakaa kitini mwenyewe, akauliza kitufe kirefu ni kipi, akakigusa kama anayegusa jiko.

"Nataka kujenga," akasema. "Pasipofika maji."

Nikamwonyesha miraba salama, ni mingi, ya kijani, kando ya barabara na kwenye miinuko. Akaweka kidole kwenye mmoja.

"Hapa ni pa nani?"

"Hapana mtu, baba. Unabonyeza tu."

"Hapa ni shamba la mwekezaji, nimekata mkonge hapa. Na hapa?"

"Unabonyeza tu."

"Hapa ni kwa mzee Aminieli, amezungushia waya. Na hapa pia ni pake." Akaenda mraba baada ya mraba, mstari baada ya mstari, hakukosea hata mmoja, mpaka kidole kikashuka chini ya reli, kwenye mchanga, kikasimama.

Jenereta lilikuwa linanguruma nje.

"Kwenye mji wako kila mtu anajenga anapotaka," akasema. "Nani aliandika hivyo?"

"Mimi, baba."

"Mvua ulikosea, ukairekebisha." Akasimama, akavaa kofia yake. "Rekebisha na hili."

Nilimsindikiza mpaka getini. Niliporudi Hezroni alikuwa amefungua ukurasa mpya na kuchora miraba yote, mistari kumi na miwili, na kalamu iko mkononi. Akaniuliza tuanze kuandika majina kwa mraba wa nani.

Nikamwambia tuanze na ya mzee Aminieli, na achukue kalamu nyekundu, kama jina lililo ubavuni mwa jenereta.